Basi Libaki Kivuli

Vijana wa yadi ya Jeddah, siku nilipokabidhi funguo mliniomba niwaachie maneno ya kazi. Mlinipiga picha, mkanikatia keki iliyoandikwa jina langu vibaya, nikaila hivyo hivyo. Sasa niko kwangu Mariakani, miguu nimeipandisha kwenye stuli, na malori ya njia kuu yanapita yakipiga honi kana kwamba bado nimeziba njia. Nimekaa kuandika kama nilivyoahidi. Msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini. Dereva hapandi cheo, hupandisha watu.

Nitaanza na mambo ya gari, kwa sababu ndiyo yatakayowaweka hai. Kisha nitawaeleza habari za mtu mmoja aitwaye Mwakio, na shairi ambalo nyote mnaliimba na hakuna hata mmoja wenu anayejua ni la nani.

Niliingia Riyadh lile wimbi la mawakala lilipoanza kupanda, wakati kila nguzo ya Mombasa ilikuwa na karatasi ya kazi za Ghuba. Nilikuwa nimeendesha malori kwa miaka mingi, nikajiona fundi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa basi la wafanyakazi, nikaliwasha, nikafunga milango, nikawasha kipoza hewa, nikajiona mwerevu. Mpakistani mmoja mzee, Gulamu, akaja akazima kila kitu. Akafungua milango yote na madirisha yote, akanisimamisha nje nitazame hewa ya moto ikitoka. Ndipo akawasha. Alikuwa na Kiarabu cha yadini tu, na mimi sikuwa nacho hata hicho, lakini siku ile alinifundisha sentensi yangu ya kwanza: "Makayyif mafi, nafar halas." Kipoza hewa hakuna, mtu kwisha.

Huyo ndiye mwalimu wangu, na haya ni yake, si yangu. Upepo wa tairi pima alfajiri gari likiwa baridi. Ukipima adhuhuri utaona umezidi, utautoa, na jioni utakuwa unaendeshea rimu. Mkanda wa feni wa akiba ukae chini ya kiti chako, si stoo, maana stoo haisafiri. Rejeta ikichemka usiiguse, ina hasira kuliko mama mkwe. Taulo iliyoloa iwe karibu na usukani kila siku ya Mungu. Nilidhani taulo ni ya kupoza usukani. Baadaye niliona kazi yake nyingine.

Watu niliowabeba walikuwa wa bustani za barabarani. Wale mnaowaona katikati ya barabara kuu wakipanda mitende na maua, wakilaza mabomba na kupanga matofali, magari yakiwapita pande mbili. Wengi walikuwa Wakenya wenzangu, kila mtu na kabila lake na mdomo wake. Mwakio alikaa kiti cha nyuma yangu tangu siku ya kwanza, na hakukiachia mtu. Alikuwa Mtaita wa Wundanyi, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na kifua chake. Kabla ya kuja alikuwa akikata mkonge kwenye shamba kubwa huko kwao, na wenzake walikuwa wamemchagua awasemee kwenye chama cha wafanyakazi. Aliwasemea vizuri mno, akafukuzwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Daniel, na kwa wakubwa wetu alikuwa Danyal basi, maana huko hakuna anayejisumbua na jina la pili.

Kingine alichokuwa nacho ni ushairi. Alitunga akichimba mashimo ya mitende, akihesabu mizani kwa viungo vya vidole, dole gumba likipanda na kushuka. Asubuhi nikiwa bado nina usingizi ananiamkia kwa ubeti mzima, na kama kina kimekosewa anaomba radhi na kurudia. Nilimwambia mara nyingi kwamba dereva anataka "habari ya asubuhi" ya kawaida. Alicheka, na kesho yake akaja na ubeti kuhusu madereva wasiopenda beti.

Sasa sikilizeni kilichotokea Sulimaniyah, mtaa wa Riyadh tulikokuwa na kazi, kwa sababu shairi lilizaliwa hapo.

Msimu wa joto kuna amri ya serikali kwamba mchana mkali mtu asifanye kazi juani. Kampuni iliitii. Saa sita ikifika, kazi inasimama. Lakini amri ilisema watu wasifanye kazi, haikusema wakae wapi. Kivuli pekee kilikuwa basi langu, na basi langu kila adhuhuri liliondoka. Msimamizi wetu, Hatem, alinipigia simu kila siku saa ile: "Katana, yalla." Yaani haya, twende. Nilikwenda kubeba watu wengine kabisa, wa kampuni nyingine, ng'ambo ya mji. Nilielewa upesi kwamba ilikuwa biashara yake mwenyewe na bosi mkubwa haijui. Nilimwambia mara mbili kwamba watu wangu hawana pa kukaa. Mara ya pili aliniuliza kama nimechoka na ikama yangu. Kibali cha kuishi kikiwa mkononi mwa mtu, mazungumzo huwa mafupi.

Siku hiyo niliporudi niliwaona wamekusanyika kando ya gari la maji. Kyalo, kijana wa Machakos mwenye nguvu kuliko wote, alikuwa chini. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, naye alikuwa anaongea na mama yake kwa Kikamba, anamwomba afunge mlango. Mwakio alikuwa amesimama juu yake ameshika kipande cha boksi kumkinga jua. Alikuwa amekishika tangu Kyalo aanguke, mikono inamtetemeka, na hakukubali mtu ampokee.

Tulimwingiza ndani, nikamfunika kichwa na kifua kwa taulo yangu iliyoloa, nikafungulia baridi yote, nikaendesha kwenda hospitali kwa namna ambayo sitaki yeyote kati yenu aige. Alipona, kama mnaweza kuita kupona. Alirudi kwao mkono mmoja haumtii na ulimi unabeba maneno nusu nusu. Nililia kwenye maegesho ya hospitali. Mwakio hakulia. Alikaa kiti chake cha nyuma yangu, dole gumba likipanda na kushuka kwenye viungo vya vidole.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa Jeddah, kikosi kizima na Hatem wetu. Jeddah jua lina unyevu, unavaa shati lililoloa hata kabla hujaanza kazi. Ijumaa tulishuka mtaa wa Sharafiya, kutuma chochote nyumbani, kula wali wa bei ya maskini, na kutengeneza simu kwa Mzee Salim. Huyu alikuwa na duka dogo la simu. Wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi wakiwa wamembeba mgongoni, akakulia hapo hapo, lakini Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu sote. Mwakio alimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyemsikiliza beti hadi mwisho bila kutazama saa.

Msimu wa joto ulipoingia, simu za adhuhuri zilianza tena. "Katana, yalla." Asubuhi moja, watu wakiwa bado wanapanda, Mwakio aliinama sikioni mwangu akaniimbia:

*Jua la hapa si jua, ni tanuri la mkate,*
*Mwenzetu limemwangua, kakauka hata mate,*
*Nanyi mnaotutua, msingoje tufuate,*
*Basi libaki kivuli, hadi jua litulie.*

Zilikuwepo beti nyingine, mnazijua. Nywele zilinisimama. Halafu akafika ubeti wa mwisho, na hapo ndipo nilipogeuka nikamshika mkono.

*Kaditama nawaaga, mwenye kutunga ni mimi,*
*Mwakio asiye woga, Wundanyi kwetu sihami,*
*Ukweli ninaumwaga, kwa kalamu na ulimi,*
*Basi libaki kivuli, hadi jua litulie.*

"Huo utoe," nilimwambia.

"Nitoe kaditama?"

"Mwakio, hapa kugoma ni kosa. Watakuchukua alama za vidole, wakufunge, kisha wakurudishe na usiweze kuingia tena. Na wewe unawaandikia jina na mahali unapotoka!"

"Wewe dereva," alisema, na nilijua amekasirika kwa sababu hakusema kwa vina, "shairi lisilo na jina la mwenyewe ni mtoto wa kuokota. Babu yangu aliweka jina. Kila mtu anaweka."

"Babu yako hakuwa na kafili wa kumshikia kibali."

Tulibishana hadi kituo cha kazi. Mwisho alikubali, kwa shingo upande, kwamba litaimbwa bila kaditama. Akawafunza wenzake beti nyingine zote. Mpango wake ulikuwa mwepesi sana: kabla ya saa sita, watu wapande ndani ya basi, wakae, waimbe. Wasipige kelele, wasitukane mtu, wasivunje kitu. Wakae tu.

Siku yenyewe ilipofika walipanda mmoja mmoja, koleo wameziacha zimepangwa vizuri kando ya mitende. Injini ilikuwa inanguruma. Simu ikalia, "yalla," nikajibu kwamba watu wako ndani. Haikupita muda gari la Hatem likasimama mbele yangu, likaniziba. Akagonga mlango kwa kiganja cha mkono. Nilifungua, kwa sababu kutofungua kungekuwa kosa langu na kufungua kulikuwa kosa lake.

"Washushe," aliniambia.

"Mimi dereva, Ustadhi. Kushuka ni kwao."

Alipanda. Alipita katikati ya viti akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, na wao waliimba kwa sauti ya chini, kama watu wanaobembeleza mtoto. Aliuliza nani kiongozi. Wakaimba. Alisema huu ni mgomo na mgomo ni polisi. Wakaimba. Alisimama mbele ya Mwakio, kiti cha nyuma yangu, na kwenye kioo niliona uso wa Mwakio umegeukia dirishani, midomo inakwenda pamoja na ya wengine, hata haraka haina. Jasho lilinitoka na kipoza hewa kinafanya kazi. Hatem akashuka.

Siku ile basi halikuondoka. Wala kesho yake. Watu walilala kwenye viti adhuhuri, wengine wakikoroma, nami nikajifunza kwamba kukoroma kwa watu wengi ni muziki mzuri. Lakini Hatem alikuwa amenyang'anywa biashara, na mtu wa namna hiyo hasahau. Alitangaza kambini kwamba anamtaka aliyetunga, huyo mmoja tu, na wengine hawatadhurika.

Tungemshinda, kama si mpishi wetu.

Bakari alikuwa mtu wa Kwale, mpishi wa kambi, mpenzi wa mashairi tangu utoto. Alikuwa amemsikia Mwakio akilisoma lote faraghani, pamoja na kaditama. Alipoona watu wanaliimba bila ubeti wa mwisho, roho ilimuuma. Kwa akili yake, tulikuwa tunamdhulumu mshairi. Basi akachukua simu, akajirekodi jikoni, sufuria zikilia nyuma, shairi zima kwa sauti yake nzuri. Mwisho akaweka kaditama kama ilivyo, jina na mahali, na akalituma kwenye kundi la simu la Wapwani. Kufika jioni lilikuwa Riyadh. Kufika asubuhi lilikuwa kwenye simu ya Hatem. Mswahili hawezi kuacha shairi bila saini ya mwenyewe, na adabu hiyo ndiyo iliyotuletea balaa.

Alasiri ya siku hiyo Hatem aliniita kwenye kontena yake ya ofisi. Nilipoingia nilimkuta Mzee Salim ameketi, fimbo katikati ya magoti. Hatem alikuwa amemtoa dukani kwake kwa sababu hakuwa na mtu mwingine anayejua lugha zote mbili. Mimi niliitwa nitafsiri kwanza kwa Kiarabu changu cha barabarani, na mzee ahakikishe sisemi uwongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

Simu iliwekwa mezani. Sauti ya Bakari ikajaa mle ndani, na sufuria zake. Nilitafsiri ubeti wa kwanza, jua na tanuri. Mzee akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Wa pili, sawa. Kila ubeti ulipokwisha nilijua ule mwingine unakaribia, na sikuwa na breki. Nilijiuliza mzee atafanya nini. Alikuwa na duka, watoto na wajukuu, na hakuwa na deni lolote kwetu sisi wachimba mashimo.

*Kaditama nawaaga.* Nikasikia jina la rafiki yangu likitamkwa wazi, polepole, kwa heshima zote.

Hatem alisimamisha simu. "Hapa anasema nini?"

Nilichukua maji yaliyokuwa mbele yangu. Niliyanywa taratibu hadi mwisho.

"Irudie," alisema Mzee Salim kwa Kiarabu. Ikarudiwa. Mzee akafikiri, akizungusha fimbo. "Hapa panatiwa jina la mtu. Ndiyo desturi yetu, mwisho wa shairi mtu hujitaja."

Nikageuka kumtazama mzee.

"Basi huyu aliyetajwa ndiye," Hatem alisema, na tayari alikuwa amenyoosha mkono kuchukua faili la majina.

"Subiri, bwana wangu. Hii ni sauti moja. Mtu aweza kutia jina la adui yake ili umfunge kwa makosa, na dhambi ikawa juu yako. Watafute wengine wanaoliimba. Wakitaja wote jina hili moja, umempata mtu wako. Wakitofautiana, huna mtu. Mimi nitakuja kesho asubuhi nikutafsirie, wala sitaki malipo."

Hatem alitazama simu, akatazama mzee mwenye ndevu nyeupe. Faili alilirudisha. "Kesho asubuhi," alisema.

Niliagizwa nimrudishe mzee Sharafiya. Tulifika taa za kwanza za barabarani. Ndipo akasema kwa Kiswahili, akitazama mbele: "Mwanangu, mie sisemi uwongo, umri wangu huu. Kwa hivyo nipeni kitu cha kweli cha kumwambia huyo bwana kesho. Umenifahamu?"

Nilimfahamu. Nilirudi kambini magharibi imeshaingia. Habari ilikuwa imenitangulia, na nilimkuta Bakari amekaa chini mlangoni kwa Mwakio, analia waziwazi. "Nisamehe, kaka. Nilitaka wakujue," alikuwa akisema. Mwakio alikuwa amemshika bega. Hakumlaumu hata kwa neno moja. "Ulilisoma vizuri," alimwambia. "Nililisikia. Hukukosea pahali."

Nikawaeleza alichosema mzee. Watu walielewa upesi kuliko mimi. Wanyonyi, mlinzi wa lango aliyetoka Bungoma, alisema, "Si rahisi tu? Kila mtu arekodi, mwisho aweke jina lake. Boss achoke."

Mwakio alisimama. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya Kyalo.

"Hapana."

"Mwakio..."

"Nimesema hapana! Mkonge walinifukuza, nikakubali. Nyumba sina, nikakubali. Hapa naitwa Danyal kama vile sina baba, nikakubali. Hiki ni kitu kimoja. Kimoja tu! Mnataka nigawe kama mkate? Bora wanifunge na jina langu."

Kipkorir, kijana wa Kapsabet ambaye kwa kawaida hanyamazi, alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilitoka pamoja.

"Sawa," nilisema. "Kesho asubuhi wakuchukue. Saa sita mimi nitapigiwa simu, nitaambiwa yalla, na hakuna atakayethubutu kukaa ndani. Basi litaondoka. Nani atafuata baada ya Kyalo? Niambie unataka nini, Mwakio. Jina, au basi libaki?"

Alikaa kitandani. Aliweka kichwa mikononi, nasi tulisimama pale kama watu wa matanga. Nilidhani analia. Kisha nikaona dole gumba limeanza kupanda na kushuka kwenye vidole vyake.

"Wanyonyi," alisema bila kuinua kichwa. "Sema: Wanyonyi asiye woga, Bungoma kwetu sihami."

Wanyonyi akasema.

"Inakaa. Mizani imetimia. Haya, mwingine."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa jioni ile. Mtu aliyeibiwa alikaa kitandani akiwafundisha wezi wake namna ya kuiba vizuri. Alimsikiliza kila mmoja. Aliyevuta neno alimrudisha, aliyeharakisha alimrudisha. Jina la Kipkorir lilikataa kabisa kuingia kwenye mstari, na Kapsabet vilevile.

"Wewe utakuwa Korir wa Nandi," Mwakio aliamua.

"Lakini mzae, watu wa nyumbani watajuaje ni mimi?"

"Ndiyo ujue uchungu wangu," Mwakio alimjibu, na ndipo watu wakacheka, naye akacheka, machozi yakimtoka. Bakari alituma rekodi zile kwa Wakenya wa Riyadh na maelezo ya kufanya hivyo hivyo. Nao wakafanya, walinzi wa Sulimaniyah, wachukuzi wa sokoni Al-Dirah, watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Asubuhi Mzee Salim alikuja kama alivyoahidi, amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa. Simu ya Hatem ilikuwa haipumziki. Mzee alisikiliza kila moja kwa uangalifu wote, akatafsiri kwa haki. "Huyu anasema ni Wanyonyi wa Bungoma. Huyu Korir wa Nandi. Huyu Otieno wa Siaya. Huyu anasema ni Bakari wa Kwale, na wali unaungua." Hatem aliniangalia mimi. Niliangalia ukuta. Walipofika kwenye wanaume wa Riyadh, Hatem alichukua simu na kuitupa kwenye kochi.

Angeacha hapo, angebaki salama. Lakini hasira ni dereva mbaya. Alikwenda mwenyewe kwa bosi mkubwa, akamsikilizisha, akataka kikosi kizima kiadhibiwe. Bosi aliuliza wanachotaka. Akaambiwa basi libaki adhuhuri. Bosi, mtu mzima aliyezoea hesabu, akauliza swali moja tu: basi huwa linakwenda wapi adhuhuri?

Nikaitwa. Hatem alikuwa amesimama kando ya meza.

"Linakwenda ninakoagizwa na Ustadhi Hatem, baba," nilisema, na nikataja mahali.

Hatukumwona Hatem tena. Basi likabaki. Likawa agizo, na ndiyo sababu ninyi leo mnaambiwa mkae na wafanyakazi hadi jua lipungue. Mnadhani ni sheria ya kampuni iliyoshuka kutoka mbinguni. Baadhi yenu mnanung'unika kwamba mnakosa chakula cha mchana moto. Kuleni baridi.

Mwakio alimaliza mkataba wake akaondoka salama, alama zake za vidole hazijaguswa na polisi. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, kwa lile basi, kiti cha nyuma yangu. Hakuniimbia chochote.

Mwezi uliopita, baada ya kupumzika kidogo, nilipanda Wundanyi kumtazama. Amezeeka, analima viazi, na bado wanamchagua awasemee kila penye kamati. Tulikula, tukacheka habari za Bakari. Nilipomwomba aniimbie lile shairi alikataa. Mkewe ndiye aliyenieleza sababu, Mwakio alipotoka kwenda kuchochea moto. Harusi moja hapo kijijini, Mwakio alisimama akaliimba lote, na kaditama yake. Kijana mmoja aliyetoka Saudia likizo akainuka mbele ya watu wote, akasema: "Mzee, usitudanganye. Hilo shairi ni la Wanyonyi wa Bungoma. Sisi tunalijua." Watu wakacheka. Mwakio akaketi. Tangu siku hiyo hajaliimba, wala hajajitetea.

Kwa hiyo vijana, mambo ya tairi na mkanda wa feni yalikuwa ya kuwavuta tu mkae. Hili ndilo nililotaka kuwaachia. Mimi si mshairi. Ubeti huu umenichukua siku nyingi kuliko kujifunza kuendesha trela, na nimehesabu kwa vidole hadi vikaniuma. Mkiliimba adhuhuri, injini ikinguruma na watu wenu wamelala nyuma yenu, malizieni hivi, na msiweke jina la mtu mwingine yeyote:

*Msomaji nakuaga, shairi hili si langu,*
*Mwakio asiye woga, alitunga kwa uchungu,*
*Jina tulilolimwaga, nalirudisha mwenzangu,*
*Basi libaki kivuli, hadi jua litulie.*